UKUNGU WA CHINI YA NYUMBA NA GHALA: ASILI YAKE NA NJIA YA KUUZUIA

Katika bonde la Ruaha Mbuyuni, wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, jua ni kali na mvua ni chache. Mibuyu iliyoipa nchi ile jina lake ni ushahidi wa jambo hilo, maana mbuyu ni mti wa nchi ya joto na ukavu. Kwa hiyo mgeni apitaye katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, akaona vitunguu vimepangwa kando ya njia, aweza kudhani ya kuwa katika nchi kama hii hapana mtu awezaye kusumbuliwa na ukungu nyumbani mwake.

Lakini sivyo. Mahindi hufanya ukungu katika ghala za bondeni kama yafanyavyo ukungu huko Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Tofauti ni hii tu: mtu wa Tukuyu ayaona maji yake yakianguka toka mbinguni, na mtu wa Mbuyuni mara nyingi hayaoni, kwa kuwa yampitia chini ya miguu.

Ukungu tunaoutaja hapa si ule ushukao milimani asubuhi, bali ni ule uotao juu ya vitu vilivyolowa, ambao wengine huuita koga au kuvu. Huonekana kama manyoya meupe, au unga wa kijani, au masizi meusi, nao huandamana na uvundo. Nia ya karatasi hii ni kueleza kwa nini huota chini ya nyumba na ghala, na kumwonyesha mkulima namna ya kuuzuia kabla haujamharibia chakula chake na fedha yake.

MFANO WA GHALA MOJA

Tuseme kwamba mkulima mmoja amejenga ghala nyuma ya nyumba yake. Sakafu yake ni ya mbao, nayo imeinuliwa juu ya mawe kiasi cha futi 1 toka ardhini, na hiyo ni desturi njema. Kisha, kwa kuwa kuku huingia chini ya sakafu na kutaga mayai humo yasionekane, ameziba pande zote nne kwa tofali na udongo. Nyuma ya ghala kuna mfereji upelekao maji bustanini, nao wapita hatua tatu tu toka ukutani.

Mwezi wa Agosti aliweka humo magunia ya mahindi, chakula cha watu wake mpaka mavuno mengine; na upande wa pili akaweka vitunguu, akingoja bei ipande ili apate karo ya watoto. Mwezi wa Oktoba akafungua mlango akakutana na uvundo. Magunia ya juu yalikuwa mazima. Ya chini kabisa yalikuwa na unyevu, na mahindi yake yameshikamana kama mabonge. Vitunguu vya chini vilikuwa vimefanya masizi meusi.

Alitazama bati, asione tundu. Wala tangu Agosti halikuwa limeanguka tone moja la mvua. Akayatoa magunia, akayaanika, akakwangua mbao, akazipaka chokaa, akayarudisha. Baada ya majuma machache uvundo ukarudi vilevile.

Mkulima huyu hakuwa mvivu. Kazi alifanya, lakini aliupiga vita ukungu, na ukungu ni dalili tu. Hakuyatafuta maji. Nasi tutayatafuta hapa pamoja naye.

UKUNGU HUOTAJE?

Ukungu ni kiumbe kiotacho, kama uyoga ulivyo. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi lisiloonekana kwa macho, nazo zimo hewani, udongoni, katika magunia na juu ya kila kitu. Hapana nyumba isiyo nazo, na hapana mtu awezaye kuzimaliza.

Mbegu hizo zataka vitu vitatu zipate kuota. Kwanza zataka chakula, nazo hula mbao, magunia, majani makavu, nafaka, na hata uchafu ulioshika ukutani. Pili zataka joto la kadiri, nalo nchi yetu inalo karibu mwaka mzima. Tatu zataka maji. Chakula hatuwezi kuziondolea, maana ghala limejengwa ili liwe na chakula. Joto hatuwezi kulizuia. Kimebaki kitu kimoja tulicho na nguvu juu yake, nacho ni maji.

Tena si lazima yawe maji ya kuonekana. Hewa iliyojaa mvuke, ikifungiwa mahali isipate njia, yatosha. Kwa sababu hiyo chini ya nyumba hupendwa sana na ukungu: hapafiki jua, upepo haupiti, na ardhi hutoa unyevu mchana na usiku. Maji yasiyo na njia ya kutoka, na hewa isiyo na njia ya kupita: hivyo viwili vikikutana, ukungu haukosi.

NJIA TANO ZA MAJI

Maji hufika chini ya nyumba kwa njia tano, na mwenye nyumba yampasa kuzichunguza zote.

Njia ya kwanza ni mfereji na bustani. Katika bonde la Mbuyuni kilimo cha vitunguu na nyanya hutegemea maji yaelekezwayo kwa mifereji toka mitoni. Mfereji wa udongo hauyafikishi maji yote shambani, maana sehemu yake huzama njiani. Maji hayo yaliyozama hayapotei, bali huenda polepole chini ya ardhi kuelekea mahali palipo chini zaidi. Kama nyumba imejengwa upande wa chini wa mfereji, maji yatapita chini yake hata wakati wa kiangazi kikali. Hii ndiyo sababu ghala la mfano wetu lililowa mwezi wa Oktoba.

Njia ya pili ni paa. Upenu ukiwa mfupi, maji ya mvua huanguka karibu na ukuta, hupiga udongo, hufanya shimo, kisha huingia chini ya sakafu. Mvua chache si hoja, kwa kuwa paa hukusanya maji ya mahali papana na kuyamimina katika mstari mmoja mwembamba.

Njia ya tatu ni maji yapandayo. Watu wengi husadiki ya kuwa maji hushuka tu, wala hayapandi. Basi chukua tofali kavu la kuchoma, ulisimamishe katika sahani yenye maji kidogo, ulitazame baadaye. Utaona maji yamepanda katika tofali, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Ukuta wa tofali uliosimama juu ya udongo wenye maji hufanya vivyo hivyo, na sakafu ya udongo au ya saruji nyembamba hufanya vivyo hivyo. Alama yake ni mstari wa weusi au wa chumvi nyeupe uonekanao chini ya ukuta, na lipu inayobanduka.

Njia ya nne ni mvuke wa ardhi. Udongo uonekanao mkavu kwa juu waweza kuwa na unyevu kwa ndani, nao hutoa mvuke daima. Mvuke ukipata upepo huchukuliwa, nao ukifungiwa hujikusanya. Usiku hewa ipoapo haiwezi kuuchukua mvuke wote, basi huuacha juu ya vitu vya baridi, kama matone yaonekanayo nje ya bilauri ya maji ya baridi. Katika nchi za juu, kama Mufindi, jambo hili huonekana wazi wakati wa baridi ya Juni na Julai, ambapo bati hudondosha maji asubuhi bila mvua kunyesha. Chini ya sakafu hutokea vilevile, ila hapana mtu aonaye.

Njia ya tano ni mavuno yenyewe. Nafaka na vitunguu ni vitu vyenye uhai. Hupumua, na katika kupumua hutoa joto na mvuke. Mahindi yaliyokauka vizuri hupumua kidogo sana. Mahindi yaliyowekwa na unyevu hupumua kwa nguvu, yakajilowesha yenyewe. Vivyo hivyo vitunguu ambavyo shingo zake hazijakauka.

NAMNA YA KUYATAMBUA MAJI YATOKAKO

Usianze kutengeneza kabla ya kujua. Yako majaribio mawili yasiyo na gharama kubwa.

La kwanza ni la ardhi. Chukua kipande cha nailoni safi, ukitandaze juu ya sakafu ya chini au juu ya udongo ulio chini ya mbao, ukizungushie mchanga au mawe pembeni mwake ili hewa isiingie. Kiache usiku kucha, au siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, maji yatoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu, maji yatoka hewani, na ghala lako lahitaji upepo. Ukikuta pande zote mbili, hapana budi kutengeneza yote mawili.

La pili ni la mahindi. Chukua chupa kavu ya kioo, utie chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili, kisha utie mahindi mpaka kiasi cha nusu ya chupa. Funga, utikise vizuri, uiache itulie robo saa. Kama chumvi imeshika katika kioo, mahindi yana unyevu mno, yarudishe juani. Kama chumvi imeshuka yote chini, yafaa kuwekwa. Kwa hesabu za wataalamu, mahindi ya kuweka kwa muda mrefu yasizidi unyevu wa sehemu 13 na nusu katika 100.

DAWA YAKE, KWA UTARATIBU WAKE

Utaratibu ni kitu kikubwa katika kazi hii. Mtu afutaye ukungu kwanza na kutafuta maji baadaye, atafuta mara nyingi. Basi fanya hivi.

Ondoa maji. Kama mfereji ni wako peke yako, usogeze mbali na jengo, au uupitishe upande wa chini. Kama ni wa watu wengi, zungumza na wenzako wa chama cha umwagiliaji, mpate kuusakafia kwa mawe na saruji sehemu ipitayo karibu na nyumba. Kama hilo nalo haliwezekani, chimba mtaro kati ya mfereji na ghala, uujaze mawe, nao uyapeleke maji mahali palipo chini. Usiuchimbe karibu mno na ukuta, usije ukaudhoofisha msingi.

Yazuie maji ya paa. Upenu utokeze futi 2 au zaidi, na chini yake udongo uinamie nje, kisha mtaro uyapeleke maji mbali. Mtu akiwa na bati na mfereji wa bati, na akinge maji hayo katika pipa, apate faida mara mbili. Wala usimwage maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo karibu na ukuta.

Fungua njia ya hewa. Mkulima wa mfano wetu alikuwa na sababu ya haki ya kuziba chini ya ghala lake, ila alitumia kitu kisichofaa. Tofali huzuia kuku, na hewa pia. Angetumia wavu wa waya, au fito zilizoachana, kuku angezuiwa na upepo ungepita. Matundu lazima yawe pande mbili zitazamanazo, ule upande upepo utokako na ule uendako, maana hewa haingii mahali isipoweza kutoka. Wala usiweke kuni, magunia makuukuu au mabua chini ya sakafu. Hivyo huziba upepo, na tena ni chakula cha ukungu na maskani ya mchwa na panya.

Funika ardhi. Baada ya kuondoa takataka, tandaza nailoni nzito juu ya udongo ulio chini ya sakafu, kipande kimoja kikilalia kingine nusu futi, uikandamize kwa mawe. Mvuke utabaki chini yake.

Inua na uachanishe. Magunia yasilale juu ya sakafu ya chini, bali juu ya chaga za mbao au miti, nayo yasiguse ukuta. Acha nafasi ya futi 1 au zaidi, upate kupita na kutazama. Vitunguu vipangwe juu ya chaga zenye nafasi kati ya fito, tabaka lisiwe nene, na visiwekwe kabla majani na shingo havijakauka.

Ndipo sasa ufute ukungu. Funga kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi lake hudhuru kifua, hasa cha mwenye pumu na cha mtoto. Sugua mbao kwa maji na sabuni, kisha uziache juani zikauke kabisa. Mbao zilizokwisha kuoza zitolewe.

Jambo moja usilifanye: usipige lipu ya saruji juu ya ukuta uliolowa, ukidhani umemaliza. Huko Unguja, katika Mji Mkongwe, kuta za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu ya chokaa huacha unyevu utoke nje. Kuta za namna hiyo zikipigwa saruji, unyevu hunaswa ndani na kuendelea kuharibu. Ukuta wa udongo wa huku kwetu nao ni hivyohivyo. Kausha kwanza.

Kwa ajengaye jengo jipya kazi ni nyepesi zaidi. Achague mahali pa juu, mbali na mfereji. Chini ya sakafu aweke tabaka la mawe au kokoto kubwa zisizo na mchanga, kwa sababu nafasi za kati yake ni pana, na maji hayawezi kupanda humo kama katika udongo. Juu ya msingi, kabla ya kuanza ukuta, atandaze nailoni nzito au lami. Ghala la nafaka liinuliwe futi 3, panya asiweze kuruka, na kila nguzo ivishwe kofia ya bati.

Wazee wetu walilijua neno hili kwa mazoea. Kihenge kiliinuliwa juu ya miti au mawe, na mbegu ziliwekwa darini juu ya moto, zikakaushwa kwa moshi. Ujenzi wa tofali na bati ni maendeleo mema, lakini mtu asiiache hekima ya kuinua na kupitisha hewa.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Mtu aweza kusema, "Gunia moja likioza, nimepata hasara ya gunia moja." Ingekuwa hivyo, tusingeandika karatasi hii.

Katika mwaka wa 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza waliona walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu ya ukungu. Sumu hiyo leo twaiita sumukuvu. Hudhuru ini, na mtu ailaye kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini. Akila nyingi kwa mara moja, aweza kufa upesi.

Haya hayako mbali nasi. Mwaka wa 2004, mashariki mwa Kenya, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu ya mahindi. Waliochunguza waliona kwamba kuweka mahindi yenye unyevu kulikuwa sababu mojawapo iliyoongeza hatari. Mwaka wa 2016, katika Tanzania yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Wote hao walikula chakula cha kila siku.

Sumukuvu haiondolewi kwa kupika, wala kwa kusaga, wala kwa kuchachusha. Kwa hiyo mahindi yaliyofanya ukungu yasiliwe, yasifanywe pombe, wala asipewe ng'ombe au kuku; ng'ombe akiyala, sumu hupita katika maziwa. Yafukiwe au yachomwe moto. Tena ujue kwamba jicho halitoshi kuamua. Ukungu wa sumu huweza kuanza shambani, na punje ionekanayo nzima yaweza kuwa na sumu. Ndiyo maana kukausha upesi baada ya kuvuna, juu ya turubai wala si juu ya udongo, na kuchambua punje zilizovunjika, ni sehemu ya kazi hii hii.

Mifuko isiyopitisha hewa iuzwayo siku hizi yafaa sana kuzuia wadudu, lakini haikaushi. Atiaye mahindi mabichi ndani yake ameufunga unyevu pamoja na chakula chake.

YAKUMBUKWE HAYA

1. Ukungu ni dalili. Tafuta maji kwanza.
2. Mfereji ulio juu ya nyumba hulowesha chini ya nyumba hata wakati wa kiangazi.
3. Hewa yataka mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Tumia wavu, usitumie tofali.
4. Chakula kisiguse ardhi wala ukuta.
5. Usiweke ghalani kitu kisichokauka.
6. Kilichofanya ukungu kisiliwe na mtu wala mnyama.

Mkulima wa mfano wetu hakuhitaji kubomoa ghala lake. Alihitaji kutoa tofali pande mbili na kuweka wavu, kuusakafia mfereji urefu wa hatua chache, na kutandaza nailoni chini ya mbao. Ni kazi ya siku chache, wakati wa kiangazi, kabla ya mavuno kuingia. Nawe, msomaji, leo jioni chukua taa, uiname, utazame chini ya ghala lako. Ukisikia uvundo, usingoje uone manyoya.